Chumba cha Mkaguzi

Mjomba alisema ananipa mpaka mwisho wa mwezi, basi.

"Kaka yako akikubali kukaa kwako, mimi sina neno. Asipokubali, nakuja kumchukua nampeleka kule kituo cha malezi, na usinililie."

Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na tayari anagawa watu kama anagawa viti. Nilichemka. Nikamwambia, "Mjomba, usinitishe. Hakuna mtu chini ya jua anayejua macho ya kaka yangu yanavyofanya kazi kama mimi. Nimesomea."

"Umesomea," akasema, anatikisa kichwa taratibu. "Haya, Daktari. Tutaona."

Mimi si daktari wa sindano. Ninachunguza ubongo, na hasa jinsi ubongo unavyoona, na hasa zaidi jinsi ubongo wa mtu mwenye usonji unavyoona. Kaka yangu ana usonji. Kanizidi umri, kanizidi urefu, na kwa maneno ni bahili kuliko watu wote ninaowajua. Maisha yake yote ameishi na Mama katika nyumba ileile ya kupanga, na sasa mwenye nyumba alikuwa anataka nyumba yake. Kwa hiyo ni kwangu au kituoni. Kituo chenyewe si kibaya, nisije nikawasingizia watu. Ni kisafi na wauguzi wana roho nzuri. Lakini nimeshafanya utafiti pale, nimewaona wale watu wazima wamepangwa kwenye benchi mbele ya televisheni tangu asubuhi, na sikutaka kumwona kaka yangu kwenye lile benchi.

Nyumbani tulikuwa tunamwita Mkaguzi. Jina alipewa na Baba, Mungu amrehemu, siku aliposogeza saa ya ukutani kidogo tu ili ifiche ufa. Kaka alirudi kutoka shule, akasimama chini ya ile saa na begi lake mgongoni, akaanza kulia. Hakuna aliyeelewa. Mama akadhani amepigwa, akataka kwenda kumtoa mtu roho huko shuleni. Mpaka Baba alipopanda kwenye stuli na kuirudisha saa mahali pake ndipo kilio kikakatika, kwa ghafla, kama redio iliyozimwa. "Loh," Baba akasema, "kumbe tunaishi na mkaguzi humu ndani na hatujui!" Tangu siku hiyo kila kitu kilipitia kwake. Mama akileta sufuria mpya: "Mkaguzi, kagua." Mimi nikinyoa nywele: "Mkaguzi, umemwona dada yako?" Na yeye anakagua kweli, uso hauna hata tabasamu.

Jamani, nyumba ile! Nikikaa vibaya siku hizi nakumbuka hadi mlio wa bawaba ya mlango wa jikoni. Tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, vitanda viwili vimeegemea kuta mbili, meza ya kusomea katikati, pazia la mistari ya buluu ambalo Mama alilishona mwenyewe na likatoka fupi upande mmoja. Asubuhi jua lilipenya pale palipokuwa pafupi, likatengeneza njia nyembamba ya mwanga, na vumbi likawa linaelea ndani yake. Kaka aliweza kulitazama vumbi hilo mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa na wivu, sikatai. Nilijibanza pembeni yake, nikakodoa macho, nikamwuliza, "Unaona nini?"

"Vinatembea," akanijibu.

"Vipi?"

"Vyote."

Nami nilikuwa naona vumbi tu. Naona kwa muda mfupi, halafu nachoka, naenda zangu kuchokoza watu.

Lakini swali likanikaa. Nilikwenda nalo shule, nikaenda nalo chuo, nikavuka nalo mipaka, nikarudi nalo likiwa limezaa maabara. Humo kuna chumba chenye giza, kuna kompyuta, kuna kitu cha kuegemeza kidevu ili kichwa kitulie. Kwenye skrini vinatokea vitone vidogo vyeupe, vinasogea kushoto au kulia kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, na wewe unabonyeza kitufe kusema vimekwenda wapi. Ndiyo kazi yangu. Mama alipokuja kuiona mara ya kwanza alishika kiuno. "Yaani miaka yote hiyo ya ada, unawaonyesha watu vumbi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ninachoamini mimi ni hiki, na wenzangu wengine wananibishia, tukikutana tunatoana jasho. Sisi wengine jicho linaleta kidogo, na ubongo unajaza palipobaki kwa kumbukumbu, kama mpishi mzoefu anayetia chumvi bila kuonja. Ukiingia chumba unachokijua, hukitazami. Unakikumbuka tu, na unaamini umekitazama. Watu wengi wenye usonji ubongo wao hauna haraka hiyo ya kujaza. Wanaona kilichopo, na kikisogea hata unywele wanajua. Ndiyo maana dunia inawachosha. Hayo nimeyasema kwenye kumbi kubwa, kipaza sauti mkononi, nimepigiwa makofi, nimepewa maua.

Basi nikaona suala la kaka yangu ni dogo. Kama shida yake ni mabadiliko, simpi mabadiliko. Nitamjengea chumba chake kilekile kwangu.

Na nilikijenga! Nilichukua chumba cha wageni, nikaita fundi wa rangi, nikamwelekeza ile kijani ya zamani ambayo siku hizi haiuzwi, akachanganya makopo mpaka akachoka na mimi. Nilipomwambia achore ufa mwembamba kama ule wa chumbani kwetu, kutoka kona ya dirisha kushuka chini, akaweka brashi.

"Dada, unataka nikuchoree ufa? Kwenye ukuta mzima?"

"Chora."

"Wenzako wananiita niuzibe."

"Wewe chora tu, fundi wangu. Tusivutane."

Akachora, anaguna. Vitanda nilivitoa nyumbani kwa Mama. Nilivikuta vimefunguliwa vipandevipande kwa sababu wakati wa msiba chumba kile kilikuwa kimejaa magodoro ya wageni, na kila kitu kilikuwa kimesukumwa huku na huku. Sikujali. Nilijua kila kitu kinakaa wapi. Meza niliikuta stoo. Pazia lilinitoa jasho, nikazunguka maduka ya vitambaa hadi miguu ikavimba, nikapata mistari ya buluu inayofanana kabisa, nikaishona fupi upande mmoja kwa makusudi. Nilipomaliza nilifunga mlango, nikajilaza kwenye kitanda changu cha utoto, miguu ikaning'inia nje. Nikalia. Nilikuwa narudi darasa la tano, nasubiri Mama aite kutoka jikoni kwamba maji ya kuoga yanapoa. Sijawahi kuwa na furaha chungu kama ile.

Siku nilipomleta, kaka alivua viatu mlangoni, akavipanga. Akafuata korido mpaka chumbani. Akasimama kizingitini, begi mkononi. Macho yake yalikwenda kushoto, yakaja kulia, yakatua kwenye kitanda changu, yakabaki pale. Mimi nilikuwa nyuma yake, kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Hapana," akasema.

Akageuka, akapita pembeni yangu, akaenda kukaa kwenye korido karibu na viatu vyake, begi kwenye mapaja.

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Maabara inatufundisha kubadilisha kitu kimoja, kingine chote usikiguse, halafu uangalie. Nikabadilisha taa, nikaweka yenye mwanga wa njano. "Mkaguzi, njoo uone." Akaja, akasimama, macho kwenye kitanda changu. "Hapana." Kesho yake nikafua mashuka kwa sabuni ya Mama, ile ya mche, labda ni harufu. "Hapana." Nikazima friji ya jikoni, labda inavuma. Hapana. Nikasogeza kalenda. Hapana. Alikula koridoni, akalala koridoni kwenye godoro, na kila mara ninapopita kwenda msalani naruka miguu ya kaka yangu kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akaanza kukonda. Akaanza kujifunika macho kwa kiganja, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tukiwa wadogo.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. "Kaka, hiki ndicho chumba chako! Tazama! Rangi ileile, pazia lilelile, hata ufa! Nimemlipa mtu achore ufa kwa ajili yako!"

"Siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo changu."

Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na ndoo ya taka, ili nisije nikasema neno ambalo haliwezi kurudi mdomoni.

Mjomba alikuwa anapiga simu kila jioni. Mwanzoni aliuliza kwa kejeli, "Vipi, Daktari, mgonjwa amekubali?" Baadaye kejeli ikamtoka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mama," akaniambia, maana akinionea huruma huniita hivyo, "si aibu kushindwa. Mtu anakonda. Nafasi kituoni ipo, lakini hawawezi kuishikilia." Nikamwomba siku chache. Akanipa. Zikaisha.

Akaja mchana, baada ya chakula, gari akaliacha linanguruma mlangoni kwa sababu betri yake ina vituko, akilizima mpaka watu walisukume. Kaka alikuwa palepale koridoni. Mimi nilikuwa nakunja nguo zake na kuziweka begini, na kila shati ninalolikunja linalowa. Mjomba hakusema "nilikwambia." Angesema ningempa vidonge vyake. Alisimama tu, kofia mkononi, anatazama ukuta.

Nikachuchumaa mbele ya kaka yangu. Nilikuwa nimeishiwa. Nimepima macho ya mamia ya watu, nimewauliza kushoto au kulia, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia anieleze kilichopaswa kuwepo. Nikasema, kwa sababu sikuwa na kingine cha kusema, "Haya basi, Mkaguzi. Mimi nimeshindwa. Kagua wewe."

Akanitazama begani, kama anavyotazama akiwa anasikiliza. Kisha akaweka begi chini, akainuka, na kwa mara ya kwanza akavuka kile kizingiti.

Alianza na pazia. Alilishusha, akalikunja vizuri, akaliweka koridoni.

"Kaka, hilo ni lilelile la siku zote," nikasema.

"Si hilo," Mjomba akadakia nyuma yangu. "La mistari mama yako alilitupa zamani sana, lilichanika. Si aliweka lile zito la kahawia?"

"Lini?"

"Aa, miaka! Wewe si ulikuwa unakuja kila likizo?"

Nilikuwa nakuja kila likizo. Naingia chumba kile, namsalimia kaka, nakaa kitandani, tunakaa kimya vizuri. Usiku nalala chumbani kwa Mama. Na ningekula kiapo mbele ya hakimu kwamba kila nilipoingia nililiona pazia la mistari ya buluu. Nilikaa chini sakafuni, palepale. Mimi mwenyewe, na maua yangu, na kipaza sauti changu. Nilikuwa nimejenga chumba cha mtoto wa darasa la tano na kumwambia mtu mzima aingie akae.

Kaka hakuwa na muda na mimi. Alitoa meza. Alitoa kalenda. Akapita na kidole juu ya ufa wa fundi, akaguna, akauacha. Kisha akashika kitanda changu kwa upande wa miguuni, akaanza kukiburuta kutoka kwenye ukuta wake. Kilipiga kelele mbaya sakafuni na yeye, ambaye kelele humchoma, hakujali. Alikiburuta mpaka kikawa sambamba na chake, pakabaki nafasi ya goti tu katikati. Akakipima kwa kiganja. Akakisukuma tena kidogo.

"Mbona unakileta huku kitanda changu?" nikamwuliza.

"Cha Mama."

"Mama analala chumbani kwake."

"Dada akija," akasema. "Dada akiondoka, Mama analala hapa."

Mjomba na mimi tukatazamana. Yeye pia alikuwa hajui, nilimwona midomo ilivyomfunguka. Mama aliniambia kwenye simu ni presha kidogo tu ya kizee, mwanangu, usije ukakatisha kazi yako. Kila nilipokuja nilikuta kitanda chake kimetandikwa, mito imesimama kama ya hotelini, na nikamsifu kwa usafi.

"Analala hapa kwa nini, Kaka?"

Alikuwa anatandika shuka, anavuta pembe. Aliongea bila kuacha kazi, na yalikuwa maneno mengi kuliko aliyonipa kwa mwaka mzima.

"Mama alisema, Mkaguzi, moyo wangu una vituko. Nitazame nisije nikaacha kupumua. Nikamtazama. Shuka linapanda, linashuka. Mchana na usiku. Likienda polepole namwamsha, anakunywa dawa. Likienda vizuri naliacha." Akalainisha kunjo moja kwa kiganja. "Asubuhi likasimama. Nikamwamsha, hakuamka. Nikamwita jirani. Jirani akaja mlangoni akasema amelala. Nikasema shuka limesimama. Akasema mwache mama apumzike, kachoka. Akaenda kupika. Nikakaa. Nikatazama. Halikupanda."

Yule jirani ndiye aliyenikumbatia msibani na kuniambia kwamba alimwona Mama kwa macho yake mwenyewe, amelala vizuri, amekwenda kwa amani. Hakunidanganya. Aliona mama mtu mzima kitandani asubuhi, akaona usingizi, kama ambavyo ningeona mimi.

Na sisi, ukoo mzima, tulikuwa tumekaa vikao kuulizana nani sasa atamwangalia huyu, maskini, maana mama yake ndiye aliyekuwa anamwangalia. Mjomba alishika fremu ya mlango.

Kaka alimaliza kutandika. Akatazama chumba kizima, polepole, kushoto, kulia, juu. Kisha akanitazama mimi, begani, na kupiga lile shuka mara mbili kwa kiganja.

"Dada, lala."

"Kaka, mimi siumwi."

"Lala."

Nikapanda. Nilikuwa bado na gauni la kazini na kitambaa cha pua mkononi. Akanifunika mpaka kifuani, akaketi kwenye kitanda chake, magoti yake karibu yaguse godoro langu, akainamisha kichwa kidogo upande mmoja. Na kile kiganja alichokuwa anajifunikia macho siku zote hizo kikatulia pajani. Nilihisi pumzi yangu ikiingia na kutoka, na nikaona aibu jinsi ilivyokuwa inakwamakwama kwa kilio, lakini yeye hakuona kilio, aliona shuka. Mimi ndiye ninayetazama watu wanavyotazama. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo tangu nizaliwe.

Huko nje gari lilikuwa bado linanguruma. Mjomba akasogea hatua moja ndani ya chumba, akakohoa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba, si ya mtu aliyekuja kuchukua.

"Mkaguzi, baba. Wale watu wa kituoni wanatungoja. Twende, au?"

Kaka hakugeuza shingo.

"Siwezi," akasema. "Dada anapumua."

Mjomba akavaa kofia yake. Kisha akatoka kwenda kuzima gari.